Breki za Gari la Clemens

Gari la marehemu Clemens lilifika Njombe mgongoni mwa tela la kubebea magogo, likiwa limefunikwa magunia ya pareto. Lilikuwa gari dogo jekundu la Kiingereza, la viti viwili, paa lake la turubai, na bonati ndefu kuliko sehemu yote iliyobaki. Vijana wanne walilisukuma kuteremka kwenye mbao. Magurudumu matatu yalizunguka. La mbele kushoto lilikataa, likaburuzwa mpaka chini kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.

Mjane wa Clemens, Dorkasi, alishuka kwenye trekta akiwa amejifunga blanketi, akamkuta Hilario mlangoni mwa gereji yake.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene, Mama Idda. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa."

"Anaumwa wapi?"

"Wewe ndiye utasema. Mimi nimeambiwa aweze kusimama tu."

Hilario aliliangalia gari. "Mbona amesimama."

"Huko kusimama kwake kumezidi miaka kumi," alisema Dorkasi. "Sasa anatakiwa aende, halafu asimame akiambiwa."

Walikaa kwenye gogo karibu na jiko la mkaa, kwa kuwa ilikuwa Juni na ukungu ulikuwa bado haujainuka, na Dorkasi akaeleza. Clemens alikuwa dereva wa meneja wa shamba la miwati, miti ambayo magome yake hulainishia ngozi. Meneja huyo alipoondoka nchini alimwachia gari. Clemens aliliendesha kwenye matope ya Kifanya mpaka matairi yakaisha, akaliweka juu ya magogo bandani akisubiri mapya. Matairi hayakupatikana. Lami ya kutoka Makambako ilipopita, gari lilikuwa bado juu ya magogo, na Clemens alikuwa ameanza kuumwa. Alifariki masika yaliyopita.

Makambako kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Zubeiri, Mrangi aliyetoka Kondoa na lori moja bovu, ambaye sasa, tangu biashara ifunguliwe, alikuwa na duka la vipuri na stoo iliyojaa bidhaa za nje. Katika stoo hiyo kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka, mpya, ya India, na injini yake ya dizeli. Zubeiri alikuwa tayari kubadilishana mashine hiyo na gari. Sharti lake lilikuwa moja: gari lifike Makambako kwa miguu yake na lisimame kwa breki zake, kabla lori lake halijashuka Dar es Salaam mwisho wa mwezi. Alikuwa na mtu huko aliyekusanya magari ya zamani, na mtu huyo hakununua mizoga.

"Na usipopata mashine?" aliuliza Hilario.

"Idda amenitengenezea chumba kwake Iringa. Chumba kizuri. Kina dirisha la vioo." Dorkasi alinyoosha viganja juu ya mkaa. "Linatazama ukuta."

Hilario aliuchochea mkaa kwa kijiti.

"Nikiwa na mashine, Fundi, nabaki kwangu. Kifanya nzima watakuja kusaga mlangoni pangu. Lakini mjane anayekaa peke yake na jembe tu, watoto hawalali usingizi. Namwelewa Idda. Ila sitaki kwenda."

Hilario Mgaya hakusomea ufundi popote. Alijifunza kwa kufungua vitu na kupanga vipande chini kwa mfuatano, cha kwanza kutoka kikiwa mkono wa kushoto, ili wakati wa kufunga aanze mkono wa kulia. Alizoea malori. Injini ya gari jekundu haikumsumbua sana. Clemens alikuwa ameitunza, na baada ya kusafisha kabureta na kubadilisha betri iliwaka, ikanguruma kwa sauti nzito kuliko umbo lake. Zubeiri alituma matairi manne yaliyotumika, yenye uhai bado. Zilizobaki ni breki.

Za nyuma zilikuwa za ngoma, kama za malori. Za mbele zilikuwa za sahani. Sahani ya chuma huzunguka pamoja na gurudumu, na pembeni yake kuna kifaa kizito kinachoitwa kalipa, kinachoibana pande mbili kama vidole vinavyoshika sahani ya chakula. Ndani ya kila kalipa mna pistoni mbili. Ukikanyaga pedeli, mafuta huzisukuma, nazo husukuma pedi zibane. Kila pistoni huvaa mpira mmoja wa duara. Mpira huo una kazi mbili: unazuia mafuta yasivuje, na mguu ukitoka kwenye pedeli unairudisha pistoni nyuma kidogo, kiasi cha unene wa karatasi. Hilario aliigundua kazi hiyo ya pili kwa kuikodolea macho kalipa ya kulia asubuhi nzima, akimkanyagisha mtu pedeli na kuitazama pistoni ikitoka na kurudi.

Pistoni za kulia zilitoka bila ubishi. Zilikuwa zimepakwa kitu cha rangi ya kahawia, kizito kama asali ya zamani. Hilario alikinusa.

"Mama Idda, humu mliweka nini?"

"Nyonyo," alisema Dorkasi. Alikuwa akija kila siku ya soko kuona maendeleo. "Mafuta ya breki yalipoadimika Clemens alisema mafuta ya nyonyo hayali mpira. Nikawa nakaanga mbegu, natwanga, nachemsha, naengua. Hata watoto hawakupakwa mafuta mazuri kama yale."

"Alisema kweli. Tazama, hazina hata doa." Alimwonyesha. Kisha akaonyesha kalipa ya kushoto, ambayo kutu yake ilikuwa imevimba mpaka nje. "Na huku?"

Dorkasi alifikiri. "Mwaka wa vita nyonyo hazikutosha. Shemeji yangu akajazia maji ya sabuni, kama walivyofanya wenye malori."

"Na gogo lililobeba upande huu wa kushoto?"

"Lililiwa na mchwa. Gari likainama. Kwa nini?"

"Maji huzama chini ya mafuta," alisema Hilario. "Yalihamia huku yote, yakakaa."

Alilisema bila kumlaumu shemeji. Yeye mwenyewe alikuwa ameendesha lori kwa maji ya sabuni, na kila aliyemfahamu vilevile.

Pistoni za kushoto hazikusikia pedeli, wala nyundo ya mti, wala moto. Hatimaye Hilario alifungua tundu la bomba la mafuta, akatengeneza kiungio cha kuingiza pampu ya grisi, akaanza kuminya taratibu. Grisi haina haraka na haikubali kubanwa. Aliminya, akanywa chai, akaminya. Kitu kililia ndani, kama jino linapotoka, na pistoni ya kwanza ikachomoza.

Zilipotoka zote mbili, zilikuwa zimeliwa na kutu, mashimo mashimo. Akazifunga kwenye kitambaa, akampelekea Anyisile, Mkinga wa Makete aliyekuwa na mashine ya kukereza vyuma kwenye karakana ya misheni. Anyisile alizipima, akatafuta kwenye chuma chakavu, akachagua mhimili wa pampu ya maziwa iliyokufa.

"Hiki hakishiki kutu. Kilikuwa kikisukuma maziwa, sasa kitasukuma nyonyo."

"Si nyonyo tena," alisema Hilario. "Sasa hivi mafuta ya breki yanauzwa mpaka na wauza vitunguu."

Pistoni mpya zilirudi ziking'aa. Siku chache baadaye kondakta wa basi la Makambako alishusha bahasha kutoka kwa Zubeiri. Ndani mlikuwa na mipira mipya ya kalipa, iliyotafutwa Dar, laini na myeusi, bado ina unga wa kiwandani. Hilario aliishika kwenye mwanga. Ilikuwa zamani tangu aguse mpira ambao haukuwa umevaliwa na gari jingine kwanza.

Akaifanyia kama alivyofanyia mipira yote. Aliiweka kwenye kopo la mafuta ya taa, akafunika, akaenda kulala.

Mafundi wa miaka ile ya kukosa waliita jambo hilo kuunywesha mpira. Mpira wa breki uliochakaa huwa mwembamba, unavuja. Ukiulaza kwenye mafuta ya taa unakunywa, unanenepa, na asubuhi unabana tena kama mpya; unakupa miezi kadhaa ya kutafuta mwingine. Hilario alikuwa ameinywesha mingi sana kiasi kwamba mikono yake haikuuliza tena kichwa. Asubuhi aliifuta, akaivisha pistoni. Iliingia kwa taabu. Akajiambia kitu kipya hubana.

Akafunga kalipa zote mbili, akajaza mafuta, akatoa upepo kwenye mabomba mpaka pedeli ikawa ngumu chini ya mguu. Dorkasi alikuwepo. Aliomba apande.

"Hapana, Mama. Hapa kwetu aliyefunga breki hushuka nazo kwanza, peke yake. Zikikataa, ajilaumu mwenyewe."

Alishuka mteremko wa kuelekea mtoni, akakanyaga, gari likasimama limenyooka. Watu waliokuwa wakitazama wakapiga makofi. Dorkasi alifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Kurudi, gari lilipanda kama limebeba mchanga. Hilario aliongeza moto, likanguruma, likajivuta. Alipofika gereji harufu ilikuwa imemtangulia. Alidondosha maji ya chai kwenye sahani ya mbele, yakachemka, yakaruka. Upande wa pili pia. Breki zilishika vizuri, ila zilikuwa hazijui kuachia.

Alifungua tena siku hiyohiyo, akipanga vipande kushoto kwenda kulia. Mipira ilitoka imevimba, laini kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Aliipanga juu ya kifuniko cha debe, akaitazama. Kisha akalitazama kopo la mafuta ya taa.

"Ni nini?" aliuliza Dorkasi.

"Ni mimi, Mama Idda." Alivuta pumzi. "Mipira hii ilikuwa mizima. Nimeinywesha mafuta ya taa. Nimezoea mipira iliyochakaa; hii haikuwa na kiu."

"Haitakauka?"

"Itakauka. Lakini mpira ukishalewa hivi, nguvu yake hairudi." Aliusugua mmoja kwa ukucha, ukachanika kama ganda la maharage yaliyochemshwa. "Nitampigia Zubeiri simu kutoka posta. Alisema ilikuwa seti ya mwisho pale alipoipata."

Hilario alisubiri akemewe, maana alistahili, lakini mama yule alikuwa ameinama juu ya kifuniko cha debe, akiuzungusha mpira mmoja kwa kidole.

"Clemens naye alikuwa na pete kama hizi," alisema. "Nyembamba kuliko hizi."

"Wapi?"

"Kwenye chupa. Imening'inia kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni. Mguu ukiniuma hujipaka yale mafuta ya juu. Alinikataza kuchota ya chini. Mimi nilidhani ni dawa ya kwao Upangwa, sikuuliza. Mume mwenye dawa huachwa na dawa yake."

"Mafuta gani hayo?"

"Mafuta yangu. Nyonyo."

Hilario alisimama, akakaa tena. "Mama Idda, naomba uende Kifanya leo, ukirudi kesho uje na chupa hiyo. Usiimwage, usiisafishe. Ije ilivyo."

Ilikuwa chupa ya kioo ya mdomo mpana, iliyozibwa kwa kigunzi. Hilario alimimina mafuta kwenye bakuli polepole. Chini kabisa zilikuwapo pete sita za mpira, zimelala moja juu ya nyingine. Bila shaka meneja wa miwati aliziacha kwenye buti la gari, na Clemens, asiyekuwa na imani na hewa, akazizamisha. Moja ilikuwa na ufa. Zilizobaki Hilario alizivuta, akazikunja, akaziachia, akazisikiliza karibu na sikio kama mtu anayechagua yai. Zilirudi umbo lake kila mara.

Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kopo la mafuta ya taa alilitoa nje ya gereji kabisa, akaliweka nyuma ya ukuta, ili mikono isikumbuke. Kisha akafunga.

Safari hii pistoni ziliingia kwa kusukumwa na vidole gumba. Alishuka mteremko peke yake, akasimama, akarudi, akadondosha maji ya chai kwenye sahani. Yalikaa hapohapo, yakitiririka taratibu.

"Sasa panda, Mama."

Waliondoka siku tatu kabla lori la Zubeiri halijaondoka, turubai likiwa limekunjwa kwa sababu lilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa. Baridi iliwachoma masikio. Dorkasi alijifunga blanketi kichwani. Kila walipokaribia kona alikanyaga sakafu kwa mguu wake wa kulia, na Hilario alijifanya haoni. Walipopita Mtwango barabara ilinyooka, Hilario akaliachia gari likimbie kidogo, na miti ya miwati ikawa ukuta mmoja wa kijani.

"Clemens hakulipitisha kwenye lami hata siku moja," alisema Dorkasi kwa sauti ya kushinda upepo.

"Unaionaje?"

"Haina kelele. Angelalamika. Alipenda gari limtukane."

Zubeiri aliwapokea mbele ya stoo yake, kanzu imekunjwa mkono, kalamu sikioni. Binti yake Rukaiya alitokeza dukani kutazama, akacheka alipoona gari lilivyo fupi.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Eh, Fundi, hili umelileta au umelivaa?"

"Jaribu mwenyewe, Bwana Zubeiri."

Zubeiri aliingia kwa shida, tumbo likipinga usukani. Aliliendesha kwenye uwanja wa wazi upande wa reli, akalikimbiza, akaondoa mikono yote miwili kwenye usukani, akakanyaga. Gari lilisimama limenyooka kama limepigiwa mstari. Akarudia. Akateremka, akagusa sahani za mbele kwa mgongo wa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Limepona! Rukaiya, waambie vijana watoe ile mashine. Yule mtu wa Mdandu aliyekuwa akiitaka atafute nyingine."

Vijana walikuwa wameanza kuondoa magunia juu ya mashine. Dorkasi aliiona kwa mara ya kwanza: rangi ya bluu, gurudumu kubwa la chuma, hendeli ya kuwashia imefungwa pembeni kwa kamba. Hilario alimtazama. Dorkasi naye akamtazama Hilario, na ndiye aliyeanza.

"Baba Rukaiya, wangoje kidogo. Mipira iliyomo siyo uliyoituma."

Vijana walisimama.

"Niliiharibu," alisema Hilario. "Niliinywesha mafuta ya taa. Iliyomo ni ya zamani, ya marehemu. Ilihifadhiwa kwenye chupa ya nyonyo. Nimeipima kwa kila njia ninayoijua, na nimekuja nayo kutoka Njombe nikiwa na mama wa watu pembeni. Lakini ni ya zamani. Mtu wako wa Dar aambiwe, aibadilishe akipata mipya."

Zubeiri aliitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Lori lilipita barabarani, na wote wakasubiri kelele zake ziishe.

"Uliinywesha?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mipya?"

"Mipya."

Zubeiri alianza kutikisika mabega kabla kicheko hakijatoka. "Mwezi uliopita nimenunua tochi mpya. Kuna betri mpya katoni nzima hapo ndani. Unajua nimefanya nini? Betri zilipoisha nimezianika juani kwenye bati, zipate nguvu. Mke wangu ananitazama. Mwenye duka!" Alifuta macho. "Tumeharibika, Fundi. Tutachukua muda."

Lakini bado hakuwa amesema neno walilolingoja. Alilizunguka gari mara moja, akachuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto.

"Mimi nimeshuka mlima Kitonga na tani saba na maji ya sabuni," alisema akiwa bado amechuchumaa. "Nilisema lifike kwa miguu yake, lisimame kwa breki zake. Limefika, limesimama. Mtu wa Dar nitamwambia, na akitaka kulalamika aanze na mimi. Pakieni mashine." Akainuka. "Ila mama, hiyo chupa. Imebaki na mipira?"

"Miwili. Mmoja una ufa."

"Iende na gari. Njiani lolote laweza kutokea."

Dorkasi aliifungua kanga aliyofungia vitu vyake. Chupa ilikuwemo, alikuja nayo bila kujua kwa nini. Aliishika kwa mikono miwili, akaifuta shingo kwa kidole gumba mahali kamba ilipokuwa imeacha alama, akampa.

"Mafuta ya juu yanafaa kwa miguu," alisema. "Ya chini usichote."

Lori la magogo lililorudi kusini tupu liliichukua mashine mpaka Kifanya, Dorkasi akiwa mbele na dereva. Hilario aliishia Njombe, lakini Jumapili alikwenda Kifanya kuifunga kwenye zege. Alipomaliza ilikuwa jioni, na wanawake watatu walikuwa tayari wamekaa juu ya ndoo zao za mahindi uani, wakijifanya wamekuja kusalimia tu.

"Hii hendeli iwekwe wapi?" aliuliza Hilario. "Isilale chini, itapata unyevu."

Dorkasi aliichukua, akaingia nayo jikoni. Juu ya mlango msumari ulikuwa mtupu, na ukutani chini yake palikuwa na duara la mafuta lililotiwa giza na moshi. Akaitundika pale.